Mimi Si Mtakatifu

Ipo kauli moja ambayo sisi Wakristo tunaipenda sana. Mtu akibainika kuwa amekula fedha za mchango wa msiba, au amemfanyia mwenzake hila katika biashara, au amemtolea mkewe maneno ya kumdhalilisha mbele ya watoto, hushusha pumzi na kusema: "Jamani, mimi si mtakatifu. Sisi sote ni binadamu." Na wale waliomzunguka hutikisa vichwa kukubali, na shauri linaishia hapo.

Kauli hiyo inasikika kama unyenyekevu. Nani atamlaumu mtu anayekiri kwamba hajakamilika? Lakini ukiichunguza kwa utulivu utaona kwamba mara nyingi si unyenyekevu hata kidogo. Ni mlango wa uani. Anayeisema hasikitiki kwamba si mtakatifu. Anaomba ruhusa ya kuendelea hivyo hivyo alivyo. Ndiyo maana nataka, ndugu msomaji, tuutazame mlango huo pamoja. Je, utakatifu ni kazi ya watu wachache maalumu, au ni deni la kila Mkristo? Na kama ni deni la kila mmoja wetu, linalipwaje na mtu mwenye watoto wa kusomesha, kodi ya nyumba, na mkuu wa kazi asiyependa kuulizwa maswali?

Tuanze na neno lenyewe. Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa Korintho, aliwaita watu walioitwa kuwa watakatifu, na alilitaja jina hilo mwanzoni kabisa mwa barua yake. Walikuwa watu wa namna gani? Barua yenyewe inatueleza bila kuficha. Walikuwa wamegawanyika makundi makundi. Walikuwa wakishtakiana mbele ya mahakimu. Walipokutana kwa chakula cha Bwana, wenye uwezo walikula na kulewa, na maskini wakabaki na njaa yao. Paulo aliwakaripia vikali kwa hayo yote, lakini hakuwanyang'anya jina. Kwake jina hilo halikuwa nishani anayovikwa mshindi mwisho wa mbio. Lilikuwa kama jina la ukoo, ambalo mtoto hupewa kabla hajafanya jambo lolote, kisha akafundishwa siku zote za utoto wake asiliaibishe.

Lugha yetu nayo inatusaidia hapa. Neno mtakatifu lina shina moja na kutakata na kutakasa. Kila mama anajua kwamba nguo iliyotakata si lazima iwe ile ambayo haijapata kuvaliwa. Nguo iliyofungiwa sandukuni miaka kumi haina doa, lakini haijamsitiri mtu yeyote. Nguo ya kazi huvaliwa, huchafuka, hufuliwa, huanikwa, na kesho huvaliwa tena. Kama utakatifu ungekuwa kukaa sandukuni, basi kweli ungekuwa wa wachache. Lakini kama ni kukubali kufuliwa kila mara na kurudi kazini, basi hapana Mkristo anayeweza kusema kwamba haumhusu.

Imekuwaje basi neno hilo likaenda mbali nasi kiasi hiki? Nadhani sababu mojawapo ni heshima yetu wenyewe. Tumewachora watakatifu wakiwa na duara la nuru kichwani, tumewaweka juu ya altare au katika vitabu vya hadithi, na hilo si kosa. Lakini ukiisha kumpandisha mtu juu sana, hutazamii tena kutembea naye njia moja. Unamwomba, unamsifu, unampa mtoto wako jina lake, na unajihesabu umesamehewa kumfuata. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliliona jambo hili, na katika hati yake juu ya Kanisa, iliyotolewa mwaka 1964, ulitenga sura nzima kueleza kwamba wote wameitwa kuwa watakatifu, walei na makleri, waliooa na wasiooa, wenye kazi za mikono na wenye madaraka. Lakini mafundisho haya hayakuanza mwaka 1964. Tunayakuta ukingoni mwa mto Yordani.

Luka anasimulia kwamba Yohane Mbatizaji alijiwa na watoza ushuru na askari, watu ambao jamii yao iliwaona kuwa wameoza. Wakamwuliza wafanye nini. Yohane mwenyewe aliishi jangwani, akivaa singa za ngamia na kula nzige. Tungetegemea awaambie waache yote wamfuate huko nyikani. La hasha! Aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa, na askari wasimdhulumu mtu bali watosheke na mshahara wao. Yaani aliwarudisha kwenye meza ile ile na silaha ile ile, ila mikono ikiwa imebadilika. Toba yao ingepimwa kwa stakabadhi watakazoandika.

Mfano wa jambo hili tunao karibu, tena katika mji unaosema Kiswahili. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 1981. Alisomea sheria, kisha akaajiriwa na ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, akifanya kazi kwenye mpaka wa Kongo na Rwanda. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa kijana wa ofisini, ambaye katika muda wake wa ziada aliwasaidia watoto wa mitaani pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba chakula kilichoharibika hakiingii sokoni. Wafanyabiashara walimpa fedha apitishe shehena mbovu, akakataa. Akashinikizwa, akakataa tena. Mwezi Julai mwaka 2007 alitekwa nyara na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri.

Tazama vizuri kilichomwua. Hakuuawa akihubiri. Hakuna aliyemwamuru akanyage msalaba au amkane Kristo kwa maneno. Kilichotakiwa kwake ni kidole na kalamu: saini moja chini ya karatasi moja. Wale ambao wangekula chakula kile hakuwajua, nao wasingemjua kamwe. Kwake yeye imani ilikuwa imefika hadi kwenye tumbo la mtu asiyemjua.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Saini ile iliyokataliwa mwaka 2007 haikukataliwa siku hiyo tu. Mtu aliyezoea kupitisha vidogo hawezi kuzuia kikubwa kinapokuja. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na ndivyo dhamiri inavyokwisha: kidole baada ya kidole, hadi siku unapoiinua na kukuta nyepesi. Na kinyume chake ni kweli pia. Anayekataa kuongeza risiti kwa shilingi elfu moja anajiunda, ubao kwa ubao, kuwa chombo kitakachoelea siku ya tufani.

Lakini wengi wetu hatutakutana na tufani kama ile. Ndiyo maana napenda pia kumkumbuka Josephine Bakhita, binti wa Darfur nchini Sudan, aliyetekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani mara kadhaa. Alipelekwa Italia, huko akapata uhuru wake, akabatizwa mwaka 1890 na baadaye akawa sista. Kwa miaka mingi katika mji wa Schio alifanya kazi ambazo hakuna anayeziandikia kitabu: alipika, alishona, alitunza sakristia, alifungua mlango watu walipobisha. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuwachukia binadamu alitumia miaka yake kuwafungulia mlango. Si jambo kubwa kulitazama kwa siku moja. Lifanye kwa miaka arobaini, kwa uso mwema, ndipo utakapojua uzito wake.

Sasa wapo watakaosema: "Maneno haya ni mazuri, lakini hayaivi kwenye sufuria. Mshahara unakwisha tarehe kumi. Je, niwaache watoto wangu walale njaa ili niitwe mtakatifu?" Swali hili si la kupuuzwa, na anayelijibu haraka huenda hajawahi kulala njaa. Nina mambo matatu ya kusema.

La kwanza, swali la utakatifu linaanza kwa yule anayelipa, kabla halijafika kwa yule anayelipwa. Mtume Yakobo aliandika kwamba ujira waliopunjwa wavunaji unapiga kelele hadi mbinguni. Mkristo anayemcheleweshea mshahara msichana wake wa kazi, au anayemjazisha mkulima gunia la lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida, kisha Jumapili akatoa sadaka nono, hana haki ya kumhubiria karani juu ya uaminifu.

La pili, tujiulize rushwa inatoka mfukoni mwa nani. Ni mara chache inatoka kwa tajiri peke yake. Anayetoa ni mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe, ni mama mjamzito aliyefika zahanati usiku, ni kijana anayetafuta cheti chake cha kuzaliwa. Nao wana watoto. Mkate ninaowaletea wanangu kwa njia hiyo nimeutoa kwenye sahani ya watoto wengine; tofauti ni kwamba hao sikuwaona wakilia.

La tatu ndilo gumu zaidi. Uaminifu una gharama, na si kila mara gharama hiyo inarudishwa hapa duniani. Mwaminifu anaweza kurukwa kwenye vyeo, akahamishwa, akachekwa na ndugu zake mwenyewe kwamba ameketi jikoni na bado ana njaa. Tusimdanganye kwa kumwahidi kwamba mwisho wa mwezi Mungu atamlipa mara mbili. Badala yake tujiulize: sisi tuko wapi? Tunazo jumuiya ndogo ndogo, tunazo kwaya, tunayo vikundi vya maombi. Harusi ikija tunaunda kamati, tunagawa kadi, tunachanga mamilioni kwa wiki chache. Je, imewahi kuundwa kamati kwa ajili ya ndugu aliyepoteza kazi kwa sababu alikataa kusaini uongo? Kama jibu ni hapana, basi tunapomsikia akisema kwamba utakatifu hauwezekani, tukumbuke kwamba nasi tumechangia kuufanya usiwezekane. Hakuna anayeubeba mzigo huo peke yake. Hata yule kijana wa Goma alikuwa na wenzake wa kusali nao.

Nyumbani pia utakatifu hupimwa, na hapo wengi tungependa usipimwe. Wapo wanaokesha katika maombi usiku kucha, na asubuhi mtoto wa ndugu waliyemchukua kumlea anakula makoko wakati watoto wao wanakunywa chai na maandazi. Ukitaka kujua mtu amefika wapi katika imani, usiwaulize wanaomsikia akisali. Mwulize yule ambaye hana uwezo wa kumdhuru wala kumsaidia: dobi, mlinzi, mdaiwa, mama mkwe aliyezeeka. Mbele ya mkubwa sote tuna adabu. Mbele ya mnyonge ndipo tunapokuwa jinsi tulivyo.

Na tukianguka? Tutaanguka. Petro alimkana Bwana wake mbele ya kijakazi, tena usiku ule ule alioapa kwamba hatamkana. Lakini kuna tofauti kati ya anayeanguka na anayelala hapo alipoangukia. Watu wa Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walijulikana kwa jambo moja lililowashangaza hata wasioamini: waliotubu walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyokuwa wameyakana. Hawakuishia kulia kanisani. Walikwenda kubisha mlango wa mtu. Zakayo naye alifanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sikuombi useme kwamba wewe ni mtakatifu. Anayejisema hivyo ametupa hofu. Ninachoomba ni kwamba tusiitumie tena ile kauli yetu kama kufuli la kufungia mazungumzo. Kama kweli mimi si mtakatifu, hiyo si habari ya kunipumzisha. Ni habari ya kuniamsha mapema. Kuna mtu ninayemdai kwa ukali kupita haki, kuna mtu anayenidai ambaye ninamkwepa barabarani, kuna karatasi mezani inayonisubiri. Nianze na mmojawapo kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali.