Tumbo la Mtu, Sahani ya Watu

Watu huuliza kama ni haki mtu kulipa fedha nyingi apasuliwe tumbo ili apungue, wakati wapo wanaolima tangu alfajiri na kupungua bure. Swali hilo nimelisikia Dar es Salaam, na nimelisikia huku kwetu Kamuli. Mara nyingi muulizaji huwa amekwisha kujijibu: mnene ni mlafi, na aliyepasuliwa ni mvivu wa kujizuia. Kwa maoni yangu, kabla ya kumuuliza mnene kwa nini hakujizuia, yatupasa tuulize mwili wake ulijengwa na nani.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanika wa Karagwe. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 alieleza kwamba wake wa wakubwa walinenepeshwa kwa maziwa hata wasiweze kusimama. Alimpima mmoja wao, shemeji wa mfalme, akakuta mkono wake una mzunguko wa karibu sentimeta 58. Pembeni alikaa binti wa mama huyo, akinywa maziwa mfululizo, na baba yake ameshika fimbo asije akaacha. Kipimo cha Speke hakinishughulishi sana. Fimbo ile ndiyo inayonifikirisha. Unene wa binti yule haukuwa ulafi wake. Ulikuwa heshima ya ukoo, naye akatwishwa aibebe.

Wembamba nao ukaja kupata maana yake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa katika mkoa huu wa Kagera. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo za biashara zilizokuwa zikitamaniwa siku zile. Mtu akipungua, majirani walianza kunong'ona. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaokuambia "umenenepa" kwa nia ya kukupongeza.

Katika mazingira hayo akarudi nyumbani dada yangu, aliyekuwa amepasuliwa. Alikuwa na kisukari, na magoti yake yalikuwa hayambebi tena. Huduma za namna hii si za ng'ambo tu siku hizi. Mwaka 2022 Hospitali ya Mloganzila, tawi la Muhimbili, ilianza kuwawekea watu puto tumboni, na baadaye ikaongeza upasuaji wenyewe. Puto huwekwa kwa miezi kadhaa kisha hutolewa. Katika aina moja ya upasuaji, ambayo ndiyo aliyofanyiwa dada, daktari huondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Mtu hushiba kwa chakula kidogo, na kwa muda hata hamu yenyewe hupoa.

Lakini kisu hakimalizi kazi. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kwamba waliopasuliwa walipungua zaidi na kuishi zaidi kuliko wenzao wasiopasuliwa. Ulionyesha pia kwamba baada ya mwaka wa kwanza au wa pili, sehemu ya uzito huelekea kurudi. Haba na haba hujaza kibaba: soda na chai ya sukari nyingi hupita kwa urahisi hata katika tumbo dogo. Kwa hiyo dada anapaswa kuanza na maharage, samaki au yai kabla ya ndizi, kutafuna polepole, kutokunywa maji katikati ya mlo, kutembea kila siku, kumeza vidonge vya vitamini na madini maisha yake yote, na kurudi kupimwa damu. Rubisi aiogope, maana baada ya upasuaji pombe inaweza kumpanda mtu upesi kuliko zamani. Wajibu huo ni wake, na hakuna wa kuubeba kwa niaba yake.

Hata hivyo, siku ile alipofika, shangazi yetu alimwekea sahani iliyojaa ndizi na nyama, akamwambia, "Kula, mwanangu, watu wasikuseme." Dada alikula vijiko vitatu, akaacha. Shangazi akainamisha macho, kwa sababu kwetu kukiacha chakula cha mtu ni kumwacha mwenyewe. Alipobembelezwa mara ya pili dada akala tena, na baada ya muda mfupi akatoka nje kutapika. Sikuona uvivu hapo wala ulafi. Niliona mtu aliyetakiwa achague kati ya afya yake na upendo wa shangazi yake.

Hakuna mwanadamu anayepaswa kuwekewa uchaguzi wa namna hiyo. Fimbo ya zama za Rumanika imekwisha, lakini upo mkono mwingine unaosukuma sahani, na mkono huo ni mpole, kwa hiyo ni mgumu zaidi kuukataa. Kama sisi tulishiriki kuujenga mwili wa ndugu yetu, hatuwezi kunawa mikono anapojitahidi kuutengeneza, halafu uzito ukirudi tuseme hakuwa na nidhamu.

Mwenye kupasuliwa amefanya lake. Letu ni jepesi mno kulinganisha na lake: kupakua kidogo, kutobembeleza mara ya pili, kumpa mgeni buni za kutafuna na mazungumzo marefu, na kuacha kuusoma mwili wa mtu kama tangazo la ugonjwa au la utajiri. Ukarimu wetu hautapungua kwa hayo. Aliyepikiwa kwa upendo anaweza kushiba vijiko vitatu, na mpishi akaridhika.