Nani Alipie Kiti Kitupu?

Ndege isipojaa, nani alipe? Unaweza kudhani hili ni swali la wahasibu. Mimi naliona ni la maadili.

Chukua uwanja wa ndege wa Noto, mkoani Ishikawa, Japani. Ulifunguliwa Julai 2003 juu ya vilima, katika rasi ambayo wazee ni wengi na vijana wanahama. Reli ya kwenda Wajima ilikuwa imefungwa mwaka 2001, na ile ya kuelekea ncha ya rasi ikafungwa 2005. Yaani treni inaondoka, ndege inaingia: safari mbili tu kwa siku, kwenda na kurudi Tokyo.

Ili shirika la ndege likubali, serikali za huko ziliweka ahadi: mwaka wa kwanza viti visipojaa kwa asilimia 70, zitalifidia. Vikizidi, shirika nalo litatoa fedha kwa eneo. Vilijaa karibu asilimia 80.

Haya, ahadi ilitimia. Lakini tusijidanganye: mama mkulima asiyepanda ndege naye aliwekwa rehani kwa ajili ya kiti cha mtalii. Je, ni haki?

Jibu langu haliko angani, liko nje ya mlango wa uwanja. Pale kuna teksi ya kuchangia iitwayo "Furusato", neno lenye maana ya kwetu, kule nilikozaliwa. Unaiagiza mapema, inakupeleka unakokwenda hukohuko rasini. Bila hiyo, ndege inakutua mlimani tu, kisha ujijue.

Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la 7.6 lilikata barabara za Noto. Njia ya kurukia ndege nayo ikapasuka, kwa hiyo nisiseme uwanja ulikuwa mkombozi asiyetikisika. Ulizibwa nyufa, na Januari 27 ndege za abiria zikarudi, siku tatu kwa wiki. Hapo nani angethubutu kuhesabu viti vitupu?

Wachache wana haki ya kufikiwa, hata hesabu ikigoma. Ila haki hiyo isiishie kwa mwenye tiketi. Mwanawe yule mama akishuka kutoka Tokyo, teksi ikamfikisha hadi kwa mama yake, hapo deni limelipwa. Akiachwa uwanjani na begi lake, basi mama alilipia safari ya wengine.