Washike Maksai Wako

Waingereza wana msemo wa kumtuliza mtu mwenye pupa: washike farasi wako. Ni msemo wa enzi za magari ya kukokotwa, mwendeshaji alipokaza hatamu wanyama wasije wakaondoka kabla ya wakati. Siku hizi maana yake ni ngoja kidogo, usiseme bado, usiamue bado. Wenzi huambiana kwa utani. Ukimwambia hivyo mzee wa Itilima, ukatozwa mbuzi, usinililie mimi.

Lakini sisi wa Simiyu farasi wa nini? Tuna maksai. Basi twende shambani. Mvua imelowesha udongo, baba ameshika plau, mtoto yuko mbele na kamba. Maksai mchanga amefungwa nira moja na maksai mzoefu. Mchanga anaona majani mabichi pembeni, anavuta. Mzoefu hatikisiki. Nira inamkwaruza mchanga shingoni, anarudi kwenye mfuo huku anapumua kwa nguvu. Mmeona? Hakuna aliyemkata miguu! Nguvu zile zile ambazo zingevunja plau ndizo zinazopasua ardhi. Kujizuia si unyonge, ndugu yangu. Mzoga haushikwi kamba.

Paulo, alipowaandikia Wagalatia katika sura ya 5, alihesabu tunda la Roho akamalizia na kiasi, yaani huko kujizuia. Neno hilo nyie watu wa pamba mnalijua kuliko mimi mhubiri, maana mnalisoma kwenye mzani kila msimu.

Sasa nakuuliza wewe. Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka pamba kwenye chama cha ushirika, AMCOS, ndoo ya maji ilifuata nini ghalani? Na mchanga ule ulipandaje mpaka ndani ya gunia? Mkono ulipoinama kuchota, hapo hapo ndipo ulipotakiwa kukaza kamba! Umepata kilo mbili tatu za uongo. Pamba imeota ukungu, mnunuzi ameikunjia uso, na jina baya limekwenda kwa kijiji kizima, hata kwa mjane ambaye hakutia tone.

Halafu hela inaingia. Umepalilia, umepiga dawa, umechuma mpaka vidole vimechanika, miezi na miezi. Jioni tatu za Bariadi mjini zinaimaliza! Mama watoto anazisikia habari zako kisimani. Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare. Ukiulizwa, unafoka. Yakobo, sura ya 3, aliweka lijamu ya farasi na ulimi wa mtu katika hotuba moja, na nadhani alishawahi kukaa na mtu wa aina yako.

Simsemi aliyenunua soda na nyama choma akafurahi na wenzake. Furahi, ni jasho lako! Namsema aliyeachia kamba akamlaumu shetani, wakati shetani hata shambani hakufika.

Msimu ukifunguliwa, ukishalipwa, fedha zikiwa mfukoni au kwenye simu, usipitie stendi. Nenda nyumbani kwanza. Mwite mama watoto, kaeni mkekani, mzihesabu pamoja kabla hujavua viatu.