Wiki za Kabla ya Kiapo

Mjukuu wangu, hongera. Nilikupa hongera siku ile ulipopitishwa hapa Lusu kwa ngoma na honi za bodaboda, ila sikuongeza neno kwa sababu usingenisikia. Leo kelele zimepungua, basi kaa.

Umeshinda, lakini udiwani bado hujaupata. Karatasi uliyopewa na msimamizi wa uchaguzi inasema umechaguliwa, basi. Udiwani utaanza siku utakapoapa kwenye mkutano wa kwanza wa baraza la halmashauri kule Nzega, na kati ya kura za Oktoba na mkutano huo hupita wiki kadhaa. Wiki hizo nazijua. Nimeona vijana wakiziingia wakiwa watu wa Lusu, wakatoka wakiwa watu wa mtu.

Atakuja aliyekujazia mafuta wakati wa kampeni. Hatadai hela, atasema tukumbukane tu. Atakuja mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu anayetaka eneo karibu na maji, na mwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, anayetaka wenzake waondolewe. Wote watakuita mheshimiwa, na wewe utalipenda jina hilo, maana ni tamu. Sasa sikiliza. Leseni ya mchimbaji mdogo hutolewa na Tume ya Madini. Ardhi ya kijiji hugawiwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Diwani hana hata kimoja cha kutoa hapo. Ukiitikia tu kwa kichwa, umeuza ng'ombe wa jirani, na mnunuzi atakuja na kamba.

Kisha itapigwa simu kutoka mjini. Kwenye mkutano wa kwanza ndipo madiwani humchagua mwenyekiti wa halmashauri na makamu wake, na kamati za kudumu hupangwa. Lakini unajua mwenyewe: chama kikishika karibu viti vyote, uenyekiti huamuliwa ndani ya chama kwanza, na kura za barazani huwa za kugonga muhuri. Ndiyo maana wanaoutaka huanza kuwazungukia madiwani wateule mapema. Utaalikwa chakula. Utaahidiwa nafasi kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ambako mafungu ya halmashauri hujadiliwa. Ukiaga, utatiliwa kitu mkononi, waseme ni nauli. TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, wana jina lake. Wewe nauli ya kurudi Lusu unayo.

Mnaniona mzee wa mambo ya zamani, lakini jambo hili la kumnunua kiongozi halikuanza na vyama. Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, eneo la Tabora, alipofariki mwaka 1858, kiti kilikwenda kwa Mnywa Sere. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: pembe zinashuka pwani, vitambaa na bunduki vinapanda bara. Mnywa Sere alitaka wafanyabiashara Waarabu walipe ushuru kwa bidhaa zao. Mwaka 1860 wakamwondoa kwa vita, wakamsimika Mkasiwa. Mnywa Sere alipigana porini miaka kadhaa, mpaka alipouawa mwaka 1865. Watu husimulia zaidi habari zake kwa sababu ya mapigano. Mimi namfikiria Mkasiwa. Alikuwa wa ukoo wa utemi, dai lake lilikuwepo, lakini wafanyabiashara ndio walioshika mlango alioingilia. Mtemi wa namna hiyo atawadai ushuru kwa mdomo gani?

Lusu yenyewe ina la kukufundisha. Mgodi wa Golden Pride ulianza kutoa dhahabu hapa mwishoni mwa miaka ya 1990, wa kwanza mkubwa wa kisasa nchini. Ulifungwa mwaka 2014. Shimo lipo. Waliozaliwa mgodi ulipokuwa unaanza ndio wapiga kura wako sasa. Watakuuliza maji, zahanati na barabara, na haki yao kuuliza.

Lingine ni uliyemshinda. Nenda kwake, mchana, peke yako, bila mpiga picha. Usimpelekee maneno ya kujipendekeza. Msalimie, mkae, mzungumze habari za mvua kama hamna jingine. Muda huu wa kabla ya kiapo ni wake pia, na kuna watu walioulipia kwa uhai wao. Desemba 30, mwaka 2007, tume ya uchaguzi ya Kenya ilimtangaza Mwai Kibaki mshindi, na jioni ile ile akaapishwa Ikulu, kura zake zikiwa bado zinabishaniwa. Ghasia za kura hiyo ziliua watu zaidi ya 1,000. Katiba yao ya mwaka 2010 ikaweka siku kati ya ushindi na kiapo, aliyeshindwa apate kwenda mahakamani. William Ruto alitangazwa Agosti 15, mwaka 2022, Mahakama ya Juu ikatoa hukumu Septemba 5, akaapa Septemba 13. Kwetu Tanzania rais mteule hushika madaraka kabla ya siku saba kupita, na Katiba hairuhusu mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwake. Hilo silipendi, na nimechoka kulisema. Lakini hapa kijijini hakuna sheria inayokuzuia kumwendea mwenzako.

Mwisho, tafuta daftari. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 itakupa siku 30 baada ya kushika madaraka uwe umetoa tamko la mali na madeni yako. Usingoje kiapo. Andika leo una ng'ombe wangapi, shamba la ekari ngapi, pikipiki, bati za nyumba, na jina la kila uliyemkopa wakati wa kampeni. Ukimaliza, niletee nisome.