Juni Hii, Watoto Walale Nje

Shule zikifungwa mwezi wa sita, watoto wa Sumbawanga mjini hugawanyika mafungu mawili. Wapo wanaopelekwa shamba kuvuna, wakarudi na midomo iliyopasuka kwa baridi na hadithi za kutosha muhula mzima. Na wapo wanaobaki na runinga, simu ya mama na mlango uliofungwa kwa ndani. Leo nasema na wazazi wa fungu la pili. Wa fungu la kwanza nao wasiondoke, wana lao.

Wachukueni watoto mkalale nje. Usiku mmoja tu kwa kuanzia, ndani ya hema, familia nzima, kuanzia baba mwenye kitambi mpaka kitinda mimba anayekojoa kitandani. Msingoje mwaka wa pesa. Msingoje wakue. Akishafika kidato cha pili, ukimwambia twende tukalale porini atakutazama mara moja tu na kurudi kwenye simu yake.

Najua jibu. "Hayo mambo ya wazungu." Tumezoea kuwaona wakipita mjini na Land Cruiser zenye hema juu ya paa, wametoka Tunduma wanaelekea Hifadhi ya Katavi, watoto wao wamebandika nyuso kwenye vioo. Wanasimama, wananunua nyanya na mkate, wanajaza mafuta, wanaondoka. Hivi inakuwaje mtoto wa Ujerumani ayajue maporomoko ya Kalambo, na mtoto wa Chanji au Katandala hapa mjini, ambaye baba yake analipa kodi ya kuyatunza, ayasikie kwenye somo la jiografia tu?

Na tangu lini kulala nje kukawa kugeni kwetu? Mvuvi wa Ziwa Rukwa hulala kambini. Mfugaji wa Kisukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kuingia bonde la Rukwa hakukuta nyumba ikimsubiri. Alikuja na mke na watoto, wakajihifadhi kwa walichokuwa nacho hadi boma liliposimama. Bibi yako naye muulize. Wengi wa umri wake walilala kwenye vibanda vya shambani wakilinda mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori, mtoto mchanga akiwa mgongoni. Hakuna aliyewaita watalii.

Ukitaka ushahidi wa zamani zaidi, Mto Kalambo unao. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walitangaza katika jarida la Nature kwamba kando ya mto huo, upande wa Zambia, juu ya maporomoko, wamekuta magogo mawili, moja limelazwa juu ya jenzake na kukaa kwenye pengo lililochongwa kwa zana za mawe. Umri wake ni takriban miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu alikuwa hajatokea bado. Huenda ilikuwa sakafu ya kukalia, huenda ilikuwa njia ya kupita kwenye tope. Kwa vyovyote vile, kuna kiumbe alifika pale mtoni akataka mahali pa kuweka miguu pasipo na maji, akavua uvivu akapatengeneza. Sasa wewe mwenye turubai, kamba za nailoni na tochi unashindwa nini?

Turubai. Hapo ndipo wengi mnaposema hamna hela ya hema. Lile la kuanikia mahindi mnalo. Tafuteni miti miwili au muegemeze nguzo kwenye ukuta, fungeni kamba katikati, lirusheni juu, kona nne zishikwe chini. Upande wa nyuma zibeni kwa kipande kingine. Hilo ni hema. Mwenye nafasi apite kwenye mitumba, mahema ya kukunja huonekana huko mara kwa mara, lakini alikunjue lote kabla ya kulipa na kuijaribu zipu. Na mwenye Noah akunje viti vya nyuma atandike godoro: watoto wawili na mama yao watalala humo bila shida, baba na wakubwa wakabaki hemani.

Kwa nini Juni? Kwa sababu mvua imekatika. Mtu wa Dar akisikia unatoka Sumbawanga, swali lake la kwanza ni radi ya kutumwa na wachawi, na kicheko juu. Mwacheni acheke. Mimi naiogopa radi ya kawaida, ile ya masika, ambayo kwenye uwanda mtupu humkuta mtu akiwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Kati ya Novemba na Aprili sikushauri upeleke mtoto kulala nje huku juu. Juni anga ni jeupe, ardhi ni kavu, na kwa kuwa tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mbu ni wachache kuliko kule chini maziwani.

Ila baridi ipo, na upepo upo. Tuyaseme kwa kina, maana hapa ndipo safari nyingi za kwanza hufia.

Upepo wa kiangazi unavuma kutoka kusini-mashariki, na huku kwetu Ufipa hakuna miti mingi ya kuuzuia. Mlango wa hema utazame kaskazini-magharibi, mgongo ndio uupokee. Mpe mtoto wa miaka minne kazi ya kushika vigingi, akukabidhi kimoja kimoja. Wa miaka saba ashike kona ya turubai na aambiwe asiiachie hata pua ikimuwasha. Kigingi usikisimamishe wima kama nguzo ya umeme. Kilaze kidogo, kichwa kielekee mbali na hema, ukigonge kwa jiwe mpaka kibaki cha kufungia kamba tu. Usiku ukisikia turubai linapigapiga, kamba imelegea. Amka ukaikaze wakati ule ule, na kama yule wa miaka saba yuko macho, toka naye akushikie tochi. Hiyo kazi hataisahau.

Kuhusu baridi, wengi hujifunika mablanketi matatu juu na kulala kwenye mkeka mtupu. Saa tisa usiku wanatetemeka na hawajui kwa nini. Baridi inapanda kutoka chini! Funueni maboksi muyatandaze, juu yake mkeka, juu ya mkeka godoro la sponji au blanketi lililokunjwa mara mbili, ndipo watu walale. Watoto wakae katikati, wakubwa pembeni. Kila mmoja avue nguo alizoshinda nazo mchana, avae kavu, soksi na kofia ya sufu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye kanga, iwekwe miguuni kwa mdogo. Halafu acheni uwazi kidogo juu ya mlango. Pumzi za watu watano hugeuka maji na kuwadondokea alfajiri.

Hapa sitanii: jiko la mkaa lisiingie hemani. Hata kama mkaa umebaki majivu, hata kwa dakika tano za kupasha miguu ya mtoto. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Jiko libaki nje, mbali na turubai, na lizimwe kwa maji kabla ya kulala.

Kojo ni jambo dogo. Bebeni poti au ndoo yenye kifuniko, na suruali ya akiba, kisha kusiwe na wa kumcheka.

Chakula nacho kisiwe cha sherehe. Maharage yachemshwe nyumbani, mkienda mnayaunga tu. Ugali, mgebuka mkavu wa Kasanga, viazi vitamu vya kufukia kwenye majivu. Uji wa ulezi uingie kwenye chupa ya chai usiku, ili asubuhi mtoto akifungua macho apewe kikombe kabla hajapata muda wa kulalamika.

Usiku wa kwanza mtoto atakuuliza kama fisi atakuja. Usimwambie nyamaza ulale. Mtoe nje, mfunike na blanketi, mwonyeshe. Saa mbili usiku mwezi Juni, Msalaba wa Kusini umesimama wazi upande wa kusini. Mwache asikilize, akuulize kila sauti ni ya nini. Ile unayoijua mwambie, usiyoijua mkisie pamoja. Giza ambalo baba amelieleza halimtishi tena mtoto kiasi kile. Na mkijaliwa kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwishoni mwa Juni, tazameni mashariki: Kilimia, vile vinyota vilivyosongamana ambavyo wakulima wa zamani walivitumia kupangia msimu.

Mwende wapi? Usiku wa kwanza, uani kwenu. Sicheki. Mtoto akishindwa mlango wa nyumba uko hatua kumi. Usiku wa pili, shambani kwa babu baada ya kuvuna, na hili ndilo lenu ninyi wa fungu la kwanza: mnafika kule kila mwaka, mnavuna, jioni mnajifungia ndani kama mjini. Safari hii laleni kwenye mabua.

Kisha pandeni Mbizi, hapo hapo nyuma ya mji. Ni msitu wa hifadhi, hivyo piteni kwanza kwa wakala wa misitu, TFS, muulize taratibu. Kuna mbega wekundu humo, na ukifika ukingoni unaliona bonde lote la Rukwa, zaidi ya mita 1,000 chini yako, na ziwa likimeta mbali. Mtoto aliyechora Bonde la Ufa darasani kwa kunakili ubaoni anastahili kusimama pale.

Kalambo ni kupitia Matai kuelekea Kapozwa. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote mkiwa karibu na ukingo, na hema lipigwe mbali, mahali mtakapoelekezwa na wahifadhi. Kipili na Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, kuna joto na mchanga, lakini chandarua ni lazima huko, na mtoto haingii majini kabla wenyeji hawajakuambia mamba wako wapi. Katavi iwe ya mwisho, watoto wakishazoea kutii wakiambiwa usitoke hemani, kwa sababu viboko wa Mto Katuma hutoka usiku kula majani na hawana habari na hema lako.

Popote pale nje ya uani kwenu, mwone mtendaji wa kijiji au mhifadhi kabla jua halijazama. Anayejua mko wapi ndiye atakayewatafuta.

Na wewe baba unayerudi saa nne usiku kila siku, ukawakuta wamelala, ukaondoka hawajaamka: hemani huna pa kujificha. Utalala umebanwa na magoti ya wanao, utasikia maswali ambayo nyumbani wamekuwa wakimuuliza mama yao tu, na mtandao hautakuwepo wa kukuokoa. Kaa uyajibu.

Basi jioni hii hii, kabla ya taarifa ya habari, toeni turubai stoo mlikunjue uani na kuhesabu matundu. Ya kuzibwa yazibwe kesho, Ijumaa mlale humo.