Maji ya Ziwa na Amri ya Tano

Ndugu wapenzi mnaojitayarisha kwa ubatizo, maji yatakayomiminwa juu ya vichwa vyenu ni kiumbe cha Mungu. Maji ya Ziwa Kivu nayo ni kiumbe chake. Walakini mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda walifika Goma, wakanywa maji ya ziwa yasiyochemshwa, na kolera ikawaua maelfu kwa majuma machache. Nchi ile ni mawe ya volkano: hata kuchimba vyoo na makaburi ilikuwa taabu.

Nani aliyewaua? Si mchawi. Kolera ni kijidudu kisichoonekana kwa macho. Hutoka katika mavi ya mgonjwa, huingia majini, na kwa maji hurudi kinywani. Basi amshitakiye bibi kizee wa jirani kwamba ameroga, amemsingizia asiye na kosa, na kijidudu amekiacha mtungini.

Na yule ajisaidiaye mtoni, huku akijua kwamba wenziwe huteka maji chini yake? Mimi nasema amegusa amri ya tano.

Mtu akihara maji meupe kama yaliyooshewa mchele, msimfiche nyumbani. Aweza kufa kwa saa chache. Mpelekeni zahanati upesi. Wengine husema mwenye kuhara asinywe. Uongo huo huua! Katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mmnyweshe njiani. Akitapika, ngojeni kitambo, mmpe tena kidogo kidogo.