Kujitungia Taabini: Tawasifu ya Mwanasiasa na Mizani ya Ukweli

Utangulizi

Taabini ni hotuba ya kumsifu marehemu. Uzito wake hautokani na uteuzi wa maneno pekee, bali pia na nafasi ya msemaji. Anayesifiwa hayupo kuidai sifa hiyo, na anayesifu hana budi kusema mbele ya watu waliomjua marehemu, ambao kimya chao au minong'ono yao ni hukumu tosha. Kuna pande tatu basi: msifiwa, msifu na shahidi. Mtu anapojitungia taabini angali hai, akasimulia jinsi alivyozaliwa katika dhiki, alivyoteseka kwa ajili ya umma na alivyoshinda pasipo msaada wa yeyote, msifu na msifiwa huwa mtu mmoja. Naye shahidi mara nyingi hayupo.

Mwanasiasa ndiye mtunzi hodari zaidi wa taabini ya aina hii. Nchini Kenya, hata katika mazishi yenyewe, si jambo geni kwa kiongozi aliyepewa nafasi ya kutoa rambirambi kuanza na jina la marehemu na kuishia na jina lake mwenyewe: jinsi alivyomfahamu, alivyomsaidia, alivyowafaa watu wa eneo hilo na atakavyowafaa wakimchagua tena. Makala haya yanadhamiria kuchunguza swali la kimaadili linalozuka hapa. Je, kosa la mwanasiasa anayejisifu na kuyanakshi maisha yake liko wapi hasa? Majibu mawili hutolewa kwa wepesi. La kwanza ni kwamba kujisifu kwenyewe ni uovu, kwani chema chajiuza na kibaya chajitembeza. La pili ni kwamba hapana kosa lolote, kwa kuwa kila masimulizi ya maisha ni utunzi, na mwamba ngoma huvutia kwake. Itadhihirika kwamba majibu yote mawili yana kasoro.

Majigambo na masharti yake

Jibu la kwanza linakinzana na ushahidi wa fasihi simulizi ya Kiafrika. Jamii nyingi za bara hili hazikuruhusu kujisifu tu, bali zilikufanya kuwa sanaa na wajibu. Wahima wa Ankole nchini Uganda na Wahaya wa Kagera nchini Tanzania wana vivugo, ambamo shujaa hujitungia majina ya sifa na kuyasimulia matendo yake kwa nafsi ya kwanza. Miongoni mwa Wazulu, sifa za mtu binafsi huwa pamoja naye maishani mwake, na nyingine hujitungia mwenyewe. Katika pwani ya Waswahili, mapokeo yanamhusisha Fumo Liyongo na tungo za kujigamba, na mojawapo ilitiliwa takhmisi na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi yuleyule wa Al-Inkishafi. Inafaa kukumbuka kwamba mshairi aliyeuhifadhi ushujaa wa Liyongo ndiye pia aliyeyatazama magofu ya Pate na kutafakari jinsi fahari ya wakubwa inavyoishia mavumbini. Hakuona haja ya kuchagua kati ya mambo hayo mawili.

Hata hivyo, majigambo hayo hayakuwa holela. Kwanza, hadhira iliufahamu utanzu. Shujaa alipojilinganisha na simba au radi, hapana aliyedhani kwamba anatoa taarifa, kwa maana chumvi ilikuwa katika namna ya kulieleza tendo. Pili, aghalabu mahali pa vita na wenzake shujaa vilitajwa katika kivugo. Tatu, na hili ndilo la msingi, kivugo kilitolewa mbele ya watu waliokuwapo vitani au walioweza kuwauliza waliokuwapo. Aliyekimbia hangeweza kusimama mbele ya wenzake na kujiita ngao yao. Yaani, ingawa msifu na msifiwa walikuwa mtu mmoja, upande wa tatu ulibaki palepale. Kwa hiyo, kujisifu pekee hakuwezi kuwa ndiko kosa.

Wanafalsafa wa kale nao hawakukana jambo hili. Aristotle anamweka mtu mkweli kati ya mwenye kujitapa na mwenye kujidunisha, na kwake wote wawili wanaukosa ukweli. Anaongeza kwamba anayejitapa ili apate mali ni mbaya kuliko anayejitapa kwa ajili ya heshima. Plutarch, aliyeandika insha nzima juu ya kujisifu bila kuudhi, anamruhusu mtu kutaja mema yake anaposingiziwa, anapokuwa katika masaibu, au anapotaka kuwatia wengine ari. Anamshauri pia agawane sifa hiyo na wengine. Ukitazama kwa makini, masharti hayo yanafanana na yale ya kivugo: pawepo sababu iliyo nje ya nafsi ya msemaji, na wenza watajwe.

Hoja ya uteuzi

Jibu la pili lina nguvu zaidi. Linasema kwamba tawasifu yoyote huteua. Hapana awezaye kusimulia kila siku aliyoishi. Shaaban Robert katika Maisha Yangu hakuandika yote yaliyompata, na hapana msomaji amwitaye mwongo kwa sababu hiyo. Ikiwa mwanafasihi ana uhuru wa kuteua na kupanga, kwa nini mwanasiasa anyimwe?

Jawabu ni kwamba kuteua si sawa na kubuni, na hata kuteua kwenyewe kuna mipaka. Augustus, mtawala wa kwanza wa dola ya Roma, aliacha maandishi ya nafsi ya kwanza yaliyoorodhesha matendo yake, nayo yakachongwa mbele ya kaburi lake baada ya kifo chake mwaka 14 B.K. Hii ni taabini ya kujitungia kwa maana halisi kabisa. Humo hasimu wake mkuu, Marcus Antonius, hatajwi kwa jina. Kila sentensi ingeweza kuwa kweli, na bado maandishi hayo yangempotosha msomaji, kwa kuwa vita ambavyo mmoja wa wapinzani hana jina si vita tena, ni usafi wa nyumba. Cicero alikwenda mbali zaidi. Baada ya uongozi wake wa mwaka 63 K.K., alimwandikia mwanahistoria Lucceius akimwomba amsifu kupita kiasi na kuzilegeza sheria za historia. Cicero alijua kwamba sheria hizo zipo na kwamba sifa itokayo kwa mwingine ina thamani kuliko ya mtu mwenyewe. Alichotaka ni kumnunua shahidi.

Mfano ulio karibu zaidi na fasihi ya Kiswahili ni tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Humo anasimulia jinsi alivyoupata utawala wa Utetera, katika eneo ambalo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alipata habari za wanawake wa ukoo wa mtawala Kasongo Rushie waliotekwa zamani, akatunga nasaba iliyomfanya yeye kuwa mjukuu wa mmojawapo. Mzee huyo alimpokea kama jamaa aliyerudi nyumbani na kumkabidhi madaraka. La kuzingatiwa ni kwamba Tippu Tip hamfichi msomaji hila hiyo. Kwa msomaji wa kitabu, yeye ni msimulizi mkweli, lakini kwa watu wa Utetera alikuwa mwongo. Tukio ni lilelile, ila hadhira ni mbili, na tofauti ya kimaadili imo katika kile ambacho kila hadhira iliombwa kukitoa. Msomaji aliombwa usikivu wake. Watu wa Utetera walitoa nchi yao.

Hapa ndipo jibu la pili linapoanguka. Mwanafasihi huomba kusomwa, ilhali mwanasiasa huomba mamlaka. Masimulizi yake ya maisha ni hoja katika mkataba, na anayetia saini mkataba kwa kutegemea maelezo ya uongo amenyang'anywa hiari yake ingawa mkono ulioshika kalamu ni wake.

Kupanda na kushuka

Unakshi wa wanasiasa wa zama hizi huchukua mielekeo miwili. Kuna unakshi wa kupanda, ambapo mtu hujiongezea shahada, vyeo na ushujaa. Nchini Marekani, George Santos alichaguliwa kuingia bungeni mwaka 2022, kisha akakiri kwamba hakuwa na shahada aliyodai na kwamba hakuwa ameajiriwa na mashirika ya fedha aliyoyataja. Alifukuzwa bungeni mwezi Desemba 2023. Nchini Kenya, ambako sheria ilidai shahada kwa wagombea urais na ugavana katika uchaguzi wa 2022, mabishano juu ya vyeti yalifika mahakamani.

Mwelekeo wa pili ni unakshi wa kushuka, ambapo mtu hujiongezea umaskini. Mwaka 1987 Joe Biden alijitoa katika kinyang'anyiro cha urais baada ya kubainika kwamba alikuwa ametumia maneno ya Neil Kinnock wa Uingereza juu ya ukoo wa wachimba makaa ya mawe kana kwamba yanahusu ukoo wake mwenyewe. Watu huazima utajiri ili waheshimiwe, na kumbe hata ufukara huazimwa ili mtu apendwe.

Katika uchaguzi wa Kenya wa 2022, William Ruto aliyafanya masimulizi ya utoto wa miguu mitupu na uuzaji wa kuku kando ya barabara kuwa nguzo ya kampeni yake. Suala hapa si kama masimulizi ya aina hii ni ya kweli. Hata yakiwa kweli tupu, hayathibitishi kinachodaiwa. Kwamba mtu aliwahi kuwa maskini ni habari za jana yake, na hazielezi atawafanyia nini maskini wa kesho. Yamkini aliyepanda ngazi atawanyoshea mkono walio chini, na yamkini ataivuta ngazi. Masimulizi ya dhiki humwomba msikilizaji ahisi ujamaa, kisha auchukue ujamaa huo badala ya sera. Hii ndiyo nasaba ya Utetera katika mavazi mengine.

Waliofutwa

Madhara ya taabini ya kujitungia hayamfikii mpiga kura peke yake. Kila ushujaa unaozidishwa huchukuliwa kutoka kwa mtu fulani. Historia ya uhuru wa Kenya yatosha kuwa mfano. Mwezi Juni 1958, Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kumtaja Jomo Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, kuwa kiongozi halisi wa Waafrika. Kenyatta hakuwapo kuidai sifa hiyo, na Odinga alishutumiwa vikali kwa kuitoa, hata na baadhi ya Waafrika wenzake. Hiyo ilikuwa sifa yenye pande zote tatu.

Miaka michache baadaye mambo yalibadilika. Odinga aliiacha KANU mwaka 1966 na kuchapisha Not Yet Uhuru mwaka 1967. Mwaka uliofuata kikatoka Suffering Without Bitterness kwa jina la Kenyatta. Vitabu hivyo vinaisimulia historia moja kwa namna mbili zisizopatana. Wakati huohuo, kauli rasmi kwamba kila mtu alipigania uhuru ilienea. Kauli hiyo inaonekana kuwa ya ukarimu, kumbe ina ukali wake, kwani wote wakiwa wapiganaji, aliyeingia msituni hana dai lolote zaidi ya aliyebaki ofisini. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Kwa muda wote huo, viongozi waliweza kujisimulia kuwa wakombozi ilhali mashahidi wa ukombozi walikuwa wanachama wa chama haramu. Vitabu kama 'Mau Mau' Detainee cha J. M. Kariuki (1963) na Roots of Freedom cha Bildad Kaggia (1975) vina thamani ambayo haitokani na usanii pekee. Vilikuwa sauti za waliokuwapo.

Pingamizi moja

Huenda ikadaiwa kwamba wananchi si wajinga, na kwamba wanapomsikia mwanasiasa akijitapa husema ni siasa tu, wakacheka na kwenda zao. Kwa mujibu wa dai hili, majitapo ya jukwaani yamekuwa utanzu unaofahamika kama kivugo. Lakini lau kila mtu angejua kwamba masimulizi hayo ni ya uongo, yangekosa faida na yangeachwa. Yanaendelea kwa sababu kuna wanaoamini. Isitoshe, mazoea ya kutoamini yana gharama yake. Jamii iliyozoea kusikia mateso ya kubuni huwa nzito kuyasadiki mateso ya kweli. Aliyefungwa kwa haki ya wengine akisimama kusimulia, hupokewa kwa kicheko kilekile. Hivyo mwongo hudhulumu mara mbili, kwa kuchukua sifa isiyo yake na kwa kuishusha thamani ya sifa iliyo ya mwenzake.

Hitimisho

Imebainika kwamba kosa la mwanasiasa halimo katika kujisifu, kwani shujaa wa kivugo alijisifu na akaheshimiwa. Wala halimo katika kuteua, kwa kuwa hapana tawasifu bila uteuzi. Kosa limo katika kumwondoa shahidi, iwe ni kwa kumnyamazisha, kwa kumnunua, kwa kutomtaja au kwa kunena pale asipokuwapo, kisha kudai mamlaka kwa msingi wa masimulizi yasiyoweza kupimwa.

Ikiwa hivyo ndivyo, wajibu wa mhakiki nao hubainika. Tawasifu za viongozi hazifai kuachiwa wanahistoria na magazeti peke yao, kwani ni fasihi na zina mbinu za fasihi. Zisomwe sambamba na tawasifu za wasaidizi, wafungwa, wapinzani na wake wa wafungwa. Kila msimulizi anaposema alikuwa peke yake, mhakiki aulize ni nani aliyempikia, aliyemlipia karo na aliyekamatwa pamoja naye, na kwa nini hatajwi. Mwanasiasa akiweza kuyajibu hayo mbele ya watu hao wenyewe, na ajisifu apendavyo.